Marehemu Kwenye Kabati la Kioo

Bi Melva Justavino alizaliwa jirani na magofu ya Panama ya Kale, akakulia hapo, akaolewa hapo, na mpaka nywele zinageuka mvi hakuwahi kutia mguu kwenye makumbusho yao. Hakuona sababu. Ule ukuta wa nyumba ya watawa, ambao watalii hupanda ndege kuja kuupiga picha, yeye aliufungia kamba ya kuanikia nguo miaka na miaka. Kwenye kisima cha watawa hao alidondosha kandambili moja akiwa msichana, na anaamini imo humo hadi leo, na kwamba siku moja wataalamu wataifukua na kusema ilikuwa ya askofu. Mnara wa kanisa kuu nao anaukumbuka kwa mambo yake mwenyewe. Chini ya mnara huo ndipo Eustorgio alipomshika kiuno mara ya kwanza, akamwahidi mbingu na ardhi. Mbingu hakuiona. Ardhi aliipata, tena ya kupanga.

Baadaye wakaja watu wa uzio, wakang'oa kamba ya nguo, wakajenga jumba la makumbusho pembeni, wakaweka mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Bi Melva alinuna miaka kadhaa, kisha akazoea.

Ndiyo maana mtaa ulishangaa kumwona siku ya mwisho wa mwaka, jua la mchana likiwa utosini, saa ambayo kila mwanamke mwenye akili timamu yuko jikoni na wali wake wa nazi na mbaazi, amevaa gauni la kanisani na kushika mkoba, anaelekea kwenye ule mlango wa kioo.

"Wapi tena na jua hili, mama?" jirani akamwuliza akiwa dirishani.

"Namfuata mume wangu."

"We Melva! Mume wako si tulimzika?"

"Mlimzika. Lakini hajamaliza."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Eustorgio, dereva wa lori la mchanga, mcheza domino, mwenye tumbo la kuwekea chupa, alifariki mwaka jana mwezi wa tatu akiwa anavua makubadhi. Alivua moja. Watu walikuja, wakasali rozari siku zote tisa, wakala, wakanywa, wakalia. Bi Melva hakulia. Alikuwa amekasirika. Alikuwa na mambo ya kumwuliza mtu yule, na mambo mengine yalihusu siku za Alhamisi, na yeye akaondoka bila kuaga, kama alivyozoea.

Sasa, mwisho wa mwaka pale mtaani kila nyumba hutengeneza sanamu la matambara. Huvalishwa nguo kuukuu, hujazwa maranda na fataki, hukalishwa kando ya barabara wapita njia wacheke, na usiku wa manane huchomwa pamoja na nuksi zote za mwaka. Mwisho wa mwaka uleule aliofariki, Bi Melva alimpa mwanawe Abdiel mfuko wa nguo: shati jeupe la marinda, suruali nyeusi, makubadhi, na kofia ya ukili yenye mistari myeusi.

"Mama, hizi si nguo za baba?"

"Kwani yeye anazitumia?"

Abdiel hakuwahi kufanya kitu kikamtoka vizuri maishani mwake, lakini siku ile sijui mikono aliazima wapi. Sanamu lilitoka na tumbo lilelile, limeegemea kushoto vilevile, mdomo nusu wazi kama mtu anayetaka kuomba bia nyingine. Alilikalisha kwenye kiti cha plastiki na chupa tupu mkononi. Watu wakawa wanavuka barabara kulisalimia. Mbwa wa nyumbani akaja akanusa makubadhi, akalala chini ya kiti.

Asubuhi ya kuchomwa kwake, mkurugenzi wa makumbusho alipita na gari, akalipenda kufa. Akamwomba Abdiel amwazime kwa siku chache tu, wageni walione. Abdiel hakuwa amewahi kusifiwa na mtu mwenye shahada. Alitoa fataki tumboni mwa baba yake haraka haraka, akamsaidia mkurugenzi kulipakia. Bi Melva aliporudi kutoka sokoni alikuta kiti kitupu na mbwa analia. Usiku ule mtaa wote ulichoma mwaka wake, na yeye akasimama kando ya barabara na kibiriti mkononi kama mjinga.

Siku chache zikawa mwaka mzima. Na mwaka gani huo! Jokofu lilikufa, goti likavimba, paa likavuja juu ya kitanda upande wake tu. Na usiku, ule upande mwingine wa kitanda, alisikia mtu anakoroma. Bi Melva hakuwa mtu wa kuamini ushirikina, isipokuwa ule wa kweli. Kwake jambo lilikuwa wazi kabisa: Eustorgio asipochomwa usiku wa leo, ataingia naye mwaka mwingine, na mwingine, mpaka wazikwe pamoja, na hata huko atamnyang'anya shuka.

Mlangoni alimkuta mlinzi, Delfino, ambaye alimjua tangu anakojolea kaptula.

"Karibu, Bi Melva! Leo umetukumbuka. Lakini kuna masharti: kugusa hapana."

"Nitagusa nini humu? Vigae?"

Vilikuwa vingi, kweli. Sahani zilizovunjika zilikuwa zimepangwa chini ya taa kama mahari ya binti mfalme. Bi Melva, ambaye kwake sahani ikivunjika huitupa na kumpiga kofi aliyeivunja, alitikisa kichwa. Katikati ya ukumbi palikuwa na mji wenyewe wa zamani, umeundwa mdogo na kuwekwa mezani kama keki, na makanisa yake, na vibanda vya punda. Kibao cha maelezo kilisema kwamba watu hupenda kumlaumu yule haramia wa Kiingereza kwa kuuteketeza mji, lakini mkuu wa mji mwenyewe ndiye aliyeamuru mapipa ya baruti yalipuliwe adui alipokaribia.

"Kumbe ni wenye nyumba wenyewe," alisema Bi Melva. Jambo hilo lilimpendeza. Alipanda ngazi, goti likimlalamikia.

Eustorgio alikuwa chumba cha mwisho. Walikuwa wamemweka ndani ya kabati la kioo refu, juu ya kiti cha mbao cha kifahari ambacho akiwa hai asingeruhusiwa kukikaribia, taa ikimmulika kifuani. Kibao chake kiliandikwa: *Mkulima akipumzika.* Mtu ambaye hakuwahi kushika jembe! Ila kupumzika, Bi Melva alikiri, hapo wamempatia.

Lakini hakuwa peke yake. Mbele ya kabati, kwenye benchi la wageni, alikaa mwanamke mfupi mnene wa umri wake, mkoba mapajani, anaongea kwa sauti ya chini na kioo.

"…na bomba limeshazibwa, usiwe na wasiwasi. Ila yule fundi wako ni mwizi, nilikwambia tangu zamani."

Bi Melva alisimama. Kwanza ilimjia harufu. Ilikuwa ya mafuta ya kukaangia, ya mandazi bapa yale ya asubuhi, harufu ambayo kwa miaka mingi aliikuta kwenye shati la mumewe kila Ijumaa akilifua. Eustorgio alisema pale wanapochezea domino kuna mkahawa jirani. Domino ilikuwa kila Alhamisi. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ya upole ambayo wanawe waliijua na kuikimbia. "Unaongea na nani?"

Mwanamke alishtuka. "Nasoma tu maelezo."

"Maelezo hayana fundi bomba."

Wakatazamana. Yule mwanamke alianza kupauka kuanzia masikioni.

"Wewe ndiye domino," alisema Bi Melva.

"Na wewe ndiye Melva." Akainuka, akakaa tena. "Mimi naitwa Iraida."

"Sikukuuliza jina. Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja! Miaka kumi na moja mimi nafua shati linanuka mandazi yako, natia limau, natia magadi, halitakati!"

"Na mimi miaka hiyo yote namtilia kahawa, akishakunywa kazi yake kukutaja wewe! Melva hivi, Melva vile! Unadhani mimi nilifaidi nini?"

Hilo Bi Melva hakulitarajia. Alitaka kutukana, na matusi alikuwa nayo, tena ya kuchagua, lakini udadisi ulimzidi.

"Alikuwa anasemaje?"

"Alisema wewe ni mwanamke wa maana. Mkali, lakini wa maana." Iraida alisita. "Ila wali wako unashikana."

Bi Melva alikuwa amevumilia mengi siku ile, lakini hapo mori ulipanda. "Unashikana! Alikuwa anajaza sahani mara tatu! Anakomba sufuria kwa kidole! Eustorgio, hayawani wewe!" Akapiga kioo kwa kiganja, na nyuma ya kile kioo mumewe akatikisika kidogo, mdomo nusu wazi, kama kawaida yake anapokosa la kujibu.

"Kugusa hapanaaa!" ilisikika sauti ya Delfino kutoka chini.

Iraida alikuwa analia sasa, kimya kimya, bila kujifuta. "Nitukane, mama, una haki. Lakini mimi mazishini sikufika. Nilisimama upande wa pili wa barabara, pale kituoni, nikajifanya nasubiri basi. Nikaona jeneza linatoka, nikapanda basi la kwanza lililokuja, hata sikujua linakwenda wapi. Kwenye rozari nani angenikaribisha? Nikasikia watu wanasema kuna sanamu huku, limefanana na Eustorgio wa lori. Nikaja. Humu hakuna anayeniuliza mimi ni nani. Wananiona mtalii."

Bi Melva aliyatazama yale machozi, na kilichomchoma si ule usaliti. Usaliti aliujua zamani, aliufua kila Ijumaa. Kilichomchoma ni kwamba mwanamke huyu alimlilia Eustorgio, akamlilia waziwazi mbele ya vigae vya watu, na yeye mwenye ndoa ya kanisani hakuwahi kudondosha hata tone. Alimwonea wivu. Ndiyo, wivu, na wala si kwa ajili ya kahawa.

Kelele zilimleta mkurugenzi, Bi Katiuska, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Bi Melva hakumpa nafasi ya salamu.

"Namtaka mume wangu. Ulisema siku chache."

"Nilisema, Bi Melva," alijibu mkurugenzi, na kwa heshima yake uso ulimwiva. "Nilisema, na nimekosa. Lakini ungejua anavyopendwa! Watoto wa shule wanazipita sarafu za dhahabu mbio, wanakuja kwake. Wanamwita babu. Ukimchoma, basi, ameisha."

"Ndiyo maana yake."

"Sisi kazi yetu ni kutunza. Huyu sasa ni hazina."

"Hata mimi niliwahi kumwita hazina. Miaka ya mwanzo."

"Mwache, mama," Iraida akasema, akishika ukingo wa kabati. "Mwache tu hapo. Hanyeshewi, haumwi. Ukimchoma mimi Alhamisi nitakwenda wapi?"

Wawili kwa mmoja. Bi Melva alitazama nje dirishani. Kule chini ukuta wake wa kuanikia nguo ulikuwa unapigwa picha. Akavuta pumzi.

"Haya. Mwacheni. Ila hiyo taa mnayommulika kifuani, muizime."

"Kwa nini?"

"Fataki."

Bi Katiuska alitabasamu. "Abdiel alizitoa zote, nilimwona kwa macho yangu."

"Alitoa za tumboni, zake. Za kifuani nilishona mimi, usiku, kila mtu amelala."

Ile taa ilisikika ikinguruma taratibu.

"Nyingi?" aliuliza mkurugenzi.

"Za kutosha." Bi Melva aliweka mkoba chini. Sauti ilimbadilika, na hakujali. "Kifua kile nilikilalia maisha yangu yote ya utu uzima, kikinidanganya. Kila nikiuliza, kimya. Nikasema, basi, siku ya kumuaga niweke kitu humo ndani, angalau nikisikie kikijibu."

Bi Katiuska aliitazama taa. Akamtazama mkulima anayepumzika. Kisha macho yake yakashuka ngazi mpaka kwenye ule mji wa mezani uliolipuliwa na baruti yake wenyewe, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuandikia kibao. Mwaka mzima watoto walikuwa wanabandika pua kwenye kioo kile. Alizima taa.

"Namwomba atoke," alisema. "Sasa hivi. Delfino! Njoo ubebe!"

Delfino, aliyekuwa ameshafika katikati ya ngazi na kusikia neno fataki, alijibu akiwa uani. "Mimi niliajiriwa kulinda mawe, bosi! Mawe tu!"

Mkurugenzi alifungua kabati, akarudi nyuma mpaka ukutani. Bi Melva akaingiza mikono kwenye makwapa ya marehemu, akavuta. Maranda yalikuwa yamekunywa unyevu wa mwaka mzima. Alikuwa mzito kama alipokuwa akirudi kutoka harusini. Kichwa kilimwangukia begani. Shati lilikuwa halinuki kitu tena, wala mandazi, wala yeye.

Iraida alikuwa amesimama palepale, leso mdomoni.

"Utalia baadaye," Bi Melva akamwambia. "Shika miguu."

"Mimi?"

"Kwani miguu hii ilikuwa inamleta kwa nani?"

Iraida akashika miguu.

Walishuka ngazi kwa shida, mmoja akirudi kinyumenyume, mwingine akimwelekeza, wakabishana nani aanze kupinda kwenye kona. Watalii walipisha njia na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Nje, jua na pumzi vikawashinda karibu na nyumba ya watawa, wakamkalisha kwenye ukuta wapumzike.

"Hairuhusiwi kukaa ukutani!" Delfino alipiga kelele kutoka nyuma ya mwembe, mbali sana.

"Hajakaa!" Bi Melva akamrudishia. "Amekufa!"

Iraida ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo, akachelewa. Bi Melva naye akacheka, akacheka mpaka akainama, akashikilia jiwe lililokuwa likishikilia kamba yake ya nguo, na mahali fulani katikati ya kicheko kile kitu kikaachia. Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni, mwaka jana wote na mwaka huu wote vikatoka kwa mkupuo, na Eustorgio kaegemea kushoto anaangalia bahari.

Iraida hakujua kama inafaa kumgusa. Mwishowe alimnyooshea leso.

"Leso yako inanuka," alisema Bi Melva akipenga kamasi.

"Ni mafuta ya kukaangia."

"Najua ni mafuta."

Walipofika nyumbani, mtaa mzima ulikuwa umetoka nje kuwatazama. Abdiel alileta kiti cha plastiki bila kumtazama mama yake usoni. Wakamkalisha marehemu, wakamwekea chupa mkononi. Mbwa alikuja, akanusa makubadhi, akapiga chafya, akalala chini ya kiti. Iraida aliinama akainyoosha kofia ya ukili, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kidole, kisha akachukua mkoba wake.

"Asante kwa kuniachia nimbebe," alisema. "Usiku nitasimama upande wa pili wa barabara, pale kituoni. Sitamsumbua mtu. Nione tu moto."

Bi Melva alikuwa ameshafika mlangoni. Kutoka jikoni nazi ilikuwa inanukia, na mbaazi, ambazo jirani mmoja msamaria alikuwa amezipunguzia moto. Akageuka. Alimtazama yule mwanamke juu mpaka chini, na hakumpenda, na hakujidanganya kwamba anampenda.

"Upande ule ndiko upepo unakopeleka moshi," alisema. "Utakohoa mpaka asubuhi."

"Nitavumilia."

"Utavumilia nini, umeshavumilia vya kutosha. Ingia jikoni, ushike mwiko. Na huo wali utauonja, halafu utoke hapa nje, uniambie mbele yake kama unashikana."